Maswali ya Wazazi: Mwaka wa Kwanza wa Mtoto

Barua za safari hii zimetoka Lamu na Malindi, na nyingi zinauliza swali moja kwa namna mbalimbali: je, mwanangu amechelewa? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa na mzazi mwingine. Wanaojibu ni wauguzi wa kliniki ya watoto na wataalamu wa tiba ya viungo.

Mwanangu wa kiume ametimiza miezi minane. Anakaa kitako vizuri bila kushikwa, lakini hatambai. Mtoto wa wifi yangu alitambaa na miezi sita. Mavyaa anataka tumchimbie shimo la mchanga tumsimamishe ndani ili viungo vikaze. Mume wangu naye ataka kununua woka. Nifuate lipi?
*Mama wa Langoni, Lamu*

Usifuate hata moja. Mtoto wa miezi minane anayekaa kitako peke yake na bado hatambai hajachelewa kitu.

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano, yaani Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakatolewa mwaka 2006. Kukaa bila msaada kulianza kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti kulianza kati ya miezi 5.2 na 13.5. Kusimama peke yake kulikuwa kati ya miezi 6.9 na 16.9, na kutembea peke yake kati ya miezi 8.2 na 17.6. Utaona kwamba watoto wawili wazima, wasio na kasoro yoyote, waweza kupishana miezi tisa kwenye hatua ya kwanza ya kutembea. Na kama watoto wanne katika kila mia hawakutambaa kwa magoti kabisa. Kuna wanaosota kwa makalio, kuna wanaojiburura kwa tumbo, na kuna wanaoshika kiti siku moja wakasimama dede.

Kwa hiyo mtoto wa wifi asiwe kipimo. Kipimo chetu ni mfuatano. Nguvu za mtoto hushuka kutoka kichwani kwenda miguuni: shingo kwanza, halafu mabega, mgongo, nyonga, na miguu mwisho. Kwa miezi miwili huinua kichwa kidogo akilazwa kifudifudi. Kwa minne huegemea viwiko na shingo haiyumbi tena. Kati ya minne na sita huanza kujigeuza. Akikaribia sita hukaa akijizuia kwa mikono mbele, kisha mikono huachia, akawa huru kushika vitu. Mtoto akiwa anasonga mbele kwenye njia hiyo, hata polepole, tunatulia.

Shimo la mchanga linaruka njia hiyo. Miguu hubanwa, nyonga haipati nafasi ya kuhamisha uzito huku na kule, na mgongo, ambao ndio wenye kazi, unasimamishwa na mchanga badala ya misuli. Madhara makubwa zaidi humpata mtoto mwenye tatizo la kweli: miezi inapita shimoni na huku alihitaji kuonwa na mtaalamu.

Woka nayo ina ubaya wake. Mtoto huisukuma kwa ncha za vidole, haoni miguu yake, na hujifunza kwenda bila kujifunza kusawazisha mwili. Wanaoitumia sana huchelewa kidogo kutembea badala ya kuwahi. Tena ina mwendo wa ghafla kuliko mkono wa mama, na nyumba za Lamu zina ngazi zilizosimama wima. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004 kwa sababu ya majeraha. Fedha hizo nunueni samaki.

Cha kufanya ni hiki. Tandika mkeka au jamvi sakafuni, si godoro, kwa sababu godoro linazama na mtoto hapati pa kusukumia. Mlaze kifudifudi akiwa macho na hajatoka kunyonya sasa hivi, maana atatapika. Kwa mtoto mchanga zaidi, viringisha leso iwe nene kama mkono wako, uipitishe chini ya kifua, karibu na kwapa, viwiko vikiwa mbele ya leso. Nawe lala mbele yake macho yenu yakutane. Dakika tatu mpaka tano, mara nyingi kwa siku, zikusanyike angalau dakika 30. Mgeuze akianza kuchoka, kabla hajalia, asije akauchukia mkeka. Kwa wako wa miezi minane ongeza kitu kimoja: akiwa amekaa, weka kifuniko cha sufuria ubavuni mwake, mbali kidogo na mkono, ili alazimike kupinda kiuno na kuweka kiganja chini. Kupinda huko ndiko kunakomtoa kwenye kukaa kumpeleka kwenye magoti. Waweza pia kumlaza juu ya paja lako, mikono yake ikiwa sakafuni, akabeba uzito wa kifua mwenyewe.

Watoto wengi tunaoletewa kwa "uzito wa viungo" hawana ugonjwa. Wanabebwa kutwa kwa mbeleko, wanapokezanwa na mashangazi, na hawapati sakafu. Kubebwa ni kuzuri, lakini sakafu nayo apewe. Usingizini mlaze chali mpaka atimize mwaka, hiyo ni kinga dhidi ya vifo vya ghafla. Kifudifudi ni kwa mtoto aliye macho na anayetazamwa.

Mpeleke hospitali bila kungoja kliniki ijayo ukiona mojawapo ya haya: miezi minne na kichwa bado kinaanguka, miezi tisa na hakai, miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi akiinuliwa, mwili umelegea kama kitambaa, au anatumia mkono mmoja tu na mwingine amefumba ngumi. Mtoto anayechagua mkono kabla ya mwaka huenda mkono wa pili una udhaifu. La kutisha kuliko yote ni kupoteza alichokwisha kuweza. Mtoto aliyekuwa akikaa na sasa hawezi, huyo haonwi wiki ijayo.

Mjukuu wangu ameota meno ya juu kabla ya ya chini. Watu wa makamo yangu wanajua huitwaje mtoto huyo, na wameanza kunong'ona. Kuna madhara?
*Nyanya wa Mkomani, Lamu*

Nyanya, shikamoo. Hakuna madhara yoyote, kwake wala kwa nyumba yake. Kawaida meno mawili ya mbele ya chini hutangulia, karibu na mwezi wa sita, lakini kwa watoto kadhaa ya juu huwahi, na hilo mara nyingi ni la ukoo. Waulize wazee wa upande wa baba. Watoto wengine huota jino la kwanza baada ya kutimiza mwaka, nao pia wazima. Akifika miezi 18 bila jino hata moja ndipo aonwe na daktari wa meno. Tunakuomba wewe, kwa kuwa neno la nyanya husikizwa, umkatalie waziwazi kila atakayemwita mtoto kigego.

Jambo moja zaidi. Kuota meno huleta mate na ukali kidogo, na ufizi huvimba. Hakuleti homa kali wala kuharisha. Watoto wamefika hospitali wakiwa wamekauka maji kwa sababu nyumbani walisema "ni meno".

Mke wangu alijifungua kwa wiki 32. Mtoto sasa ana miezi saba na ndiyo kwanza anajigeuza. Kliniki nyingine mama mmoja alimcheka.
*Baba wa Mokowe*

Mimba kamili ni wiki 40, kwa hiyo mwanao alitangulia wiki nane, karibu miezi miwili. Toa miezi hiyo miwili: mtoto huyu, kwa mambo ya kukua, ana miezi mitano. Kujigeuza kwa miezi mitano ni wakati wake hasa. Endelea kutoa hivyo mpaka atimize miaka miwili.

Kwa chanjo, hata hivyo, wiki hizo nane hazipunguzwi. Huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, kwa wiki 6, 10 na 14, na ile ya surua na rubela miezi tisa. Uliza pia mambo mawili kwenye kliniki. La kwanza ni dawa ya madini ya chuma, kwa sababu mtoto hujiwekea akiba ya chuma katika miezi ya mwisho ya mimba, na wako hakuipata. Kipimo hutegemea uzito wake, msikisie. La pili ni kama alipimwa macho na masikio, maana kuzaliwa mapema huweza kuyagusa yote mawili.

Binti yangu ana miezi mitano. Hageuki nikimwita, ila mlango ukigongwa kwa nguvu anashtuka. Anacheka na kusema "aguu". Mimi husema naye Kiswahili na baba yake Kigiriama. Huenda ndiyo sababu?
*Mama wa Mambrui*

Lugha mbili siyo sababu. Mtoto huzipokea zote bila kuchelewa, ilimradi kila mmoja aseme naye kwa wingi, uso kwa uso, katika lugha iliyo nyepesi kinywani mwake. Simu na runinga hazihesabiki kuwa mazungumzo, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto asiyetimiza mwaka asiwekwe mbele ya skrini hata kidogo.

Ila suala la masikio tusiliache. Mlango ukigongwa, sakafu hutikisika na hewa husukumwa; mtoto asiyesikia naye hushtuka. Na "aguu" hutoka hata kwa mtoto kiziwi, vicheko pia, ndiyo maana familia nyingi hugundua mtoto akiwa na miaka miwili. Tofauti hujitokeza baadaye: kati ya miezi sita na kumi mtoto anayesikia hubadilisha sauti zake, akaja na ba-ba-ba, ma-ma-ma, da-da-da. Asiyesikia hunyamaza pole pole hapo hapo.

Jaribu hivi nyumbani. Ngoja awe ameshiba na ametulia. Mtu mmoja akae mbele yake amshughulishe kidogo kwa kitu kisicho na sauti. Wewe simama nyuma yake, kando, umbali wa kama mita moja, asikuone kwa pembe ya jicho wala kivuli chako kisimpite. Sema jina lake kwa sauti ya kawaida, kisha tikisa kayamba taratibu, kisha nong'ona "sss". Usipige makofi karibu naye, upepo utamgusa. Rudia upande wa pili. Kwa miezi mitano tunatazamia macho yasimame, au aache alichokuwa akifanya, au kichwa kianze kugeukia sauti. Kwa miezi sita mpaka saba ageuke kabisa.

Jaribio hili likifaulu halithibitishi, kwa sababu sikio moja laweza kuwa zima na jingine bovu. Likifeli mara mbili kwa siku tofauti, nenda hospitali ya Malindi ukaeleze ulivyofanya. Mashine isipopatikana watakuandikia rufaa kwenda Mombasa. Kipimo chenyewe hakiumi. Kidude kidogo huwekwa sikioni mtoto amelala, na kwa dakika chache jibu limepatikana. Waambie pia kama alipata umanjano mkali alipozaliwa, homa ya uti wa mgongo, au sindano za jentamaisini, kwa kuwa vyote hivyo huweza kuharibu masikio. Akigunduliwa kabla ya miezi sita na kusaidiwa mapema, lugha yake, iwe ya kinywa au ya ishara, hukua karibu sawa na ya wenzake. Ndiyo maana tunakuhimiza uende sasa.

Mwanangu alizaliwa na kilo 3.1, akafika 7.2 kwa miezi sita, nesi akamsifu. Sasa ana miezi minane na ana 7.3. Anakula uji asubuhi na jioni, na mchana chai ya maziwa na hamri. Hana ugonjwa.
*Mama wa Muyeye, Malindi*

Kilo 7.3 peke yake si mbaya kwa msichana wa miezi minane, na kwa mvulana ni chini sana ya katikati. Linalotutia wasiwasi ni mstari wake kwenye kijitabu cha kliniki: ulipanda miezi sita, kisha ukalala. Katika miezi hiyo miwili angeongeza nusu kilo au zaidi. Kwa kawaida mtoto huwa mara mbili ya uzito wa kuzaliwa karibu na mwezi wa tano na mara tatu akitimiza mwaka, na urefu huongezeka kwa kama sentimita 25. Mstari uliolala miezi miwili unatuambia kitu hata kama mtoto anacheka.

Tunaona mara nyingi jambo hili kuanzia mwezi wa sita, na karibu kila mara mkosaji ni uji. Tumbo la mtoto wa miezi minane huchukua takriban mililita 200. Ukilijaza uji mwepesi unaonyweka kwenye kikombe, umelijaza maji; anashiba, anaacha titi, na nguvu hakupata. Uji wake uwe mzito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko haumwagiki. Ukishaiva, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta, au tui zito la nazi, au karanga zilizosagwa zikalainika kabisa.

Halafu uji usiwe peke yake. Baada ya miezi sita akiba ya chuma aliyozaliwa nayo imepungua, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayana chuma cha kutosha kuijazia. Chuma kiko kwenye ini, nyama, samaki, kiini cha yai, kunde na maharagwe. Sisi tulio kando ya bahari hatuna udhuru. Chukua changu au pono, mchemshe, mchambue kwa vidole, si kwa uma, kwa sababu kidole ndicho kinachohisi mwiba. Mponde na kiazi kitamu au ndizi iliyopikwa, ongeza mchicha uliokatwa laini. Papa asipewe mtoto mdogo. Hana miba, kweli, lakini samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki mwilini, na ubongo unaokua hauihimili. Maji ya ndimu kidogo, embe au papai baada ya chakula husaidia chuma cha kunde kuingia mwilini.

Chai inafanya kinyume. Hukamata chuma kikapita bila kufyonzwa, na hamri la sukari humshibisha bila kumjenga. Acheni zote mbili. Maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya titi kabla ya mwaka, na asali asiguse kabisa kabla ya mwaka, kwani huweza kubeba vijidudu vinavyopooza misuli ya mtoto mdogo, hata ya kupumulia.

Kiasi: mwanzoni vijiko viwili au vitatu, ukiongeza taratibu mpaka nusu ya kikombe cha mililita 250 kwa kila mlo, mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia mwezi wa tisa, nusu kikombe mara tatu au nne, chakula kikiwa na vibonge vidogo badala ya kusagwa chote, na vitafunio kama ndizi mbivu au parachichi katikati. Tenga sahani yake peke yake. Mtoto anayekula sinia moja na wakubwa hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Endelea kumnyonyesha usiku na mchana mpaka miaka miwili. Mpime tena baada ya mwezi. Mstari usipopanda, daktari atafute sababu nyingine, kwa mfano mkojo wenye maambukizi, malaria au upungufu wa damu. Na kama hakupewa matone ya vitamini A ya miezi sita, yaani yuniti 100,000, ayapate siku hiyo hiyo.

Kijana wetu ana miezi sita. Tangu wiki iliyopita, akiamka, kichwa kinaanguka mbele na mikono inatupika, anatulia, kisha tena, mara kumi au zaidi. Hana homa. Ameacha kucheka nasi. Jirani asema ni mdege, afukizwe.
*Baba wa Faza*

Baba, barua yako tuliijibu siku ile ile kwa njia uliyotupa, na tunaichapisha kwa ajili ya wengine. Hilo ni jambo la leo.

Mtoto mchanga hushtuka na kurusha mikono akisikia kelele au akiteremshwa ghafla, na hali hiyo huisha kati ya miezi minne na sita. Yenu ni tofauti: inakuja bila cha kumshtua, inakuja kwa mafungu, inapendelea wakati wa kuamka, na mtoto amepoteza alichokuwa nacho. Hiyo ni aina ya kifafa cha utotoni ambayo huanza mara nyingi kati ya miezi mitatu na minane. Kila wiki inayopita bila dawa inaupunguzia ubongo nafasi ya kupona. Dawa zipo, na hutolewa hospitalini. Mrekodi kwa simu akiwa anafanya, dakika moja yatosha, kwa maana akifika kwa daktari huenda asifanye. Pandeni mashua ya kwanza.

Mtoto mwenye homa akipata degedege naye afike hospitali siku hiyo hiyo, kwani pwani yetu ina malaria. Wakati wa degedege mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, usimshike kwa nguvu, usimfukize, na tazama saa. Ikipita dakika tano ni dharura kubwa.

Mimi ni mzazi mpya, nimo arubaini. Somo yangu anamkanda mtoto kwa mafuta kila asubuhi, amempaka wanja machoni na kumvika hirizi shingoni. Mtoto akikohoa anasema tumkate kimeo. Lipi zuri, lipi baya?
*Mama wa Shela, Lamu*

Kukanda ni kuzuri. Mafuta ya nazi safi, kiganja kilichofunguka, nguvu kama ya kulainisha unga wa mkate, kuanzia miguuni kwenda juu, huku unasema naye. Kuguswa na kusemeshwa ndiko kunakojenga ubongo wake sasa, maana anaona vizuri umbali wa sentimita 20 mpaka 30 tu, ambao ndio umbali wa uso wako akinyonya. Akifika wiki sita mpaka nane atakujibu kwa tabasamu la kweli. Kisichofaa ni kumnyoosha mikono na miguu kwa kuvuta, kumbonyeza utosi, na kumdondoshea mafuta puani au masikioni. Ya puani huteremka mapafuni yakaleta nimonia.

Wanja futa leo. Aina nyingi zina risasi, yaani ile metali nzito, na mtoto huipata akisugua macho na kunyonya vidole. Risasi hupunguza akili na haitoki ikarudisha kilichopotea. Hirizi ya uzi shingoni huweza kumnyonga usingizini. Kama familia haiko radhi kuitoa, itundikwe ukutani mbali na kitanda.

Kimeo kisikatwe kamwe. Ni kiungo kama viungo vingine, hakileti kikohozi wala hakizuii kunyonya, na watoto wamepoteza damu na kupata pepopunda kwa ajili yake. Mtoto wa arubaini anayekohoa na kupumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au anayekataa titi, apelekwe hospitali. Vilevile mwenye macho ya manjano katika saa 24 za kwanza, au yanayoendelea baada ya wiki mbili. Jua la dirishani haliutibu umanjano mkali.

Wa miezi tisa, zamani alikwenda kwa kila mtu. Sasa akimwona ami yake analia, nami nikiingia msalani analia. Amedekezwa?
*Mama wa Barani, Malindi*

Amekua. Karibu na mwezi wa nane mtoto hutambua kwamba kitu kisichoonekana bado kipo, kwa hiyo anajua upo mahali fulani na si hapa. Pia ameweza kutofautisha nyuso za kwao na za wengine. Mwambie ami akae kwanza, aseme na wewe, asimnyang'anye mikononi. Ukitoka usitoroke; muage, ondoka, rudi. Mfunikie kijiko cha mbao kwa leso akitafute, jifiche uso ujifunue. Hali hii hupungua mwaka wa pili. Mtoto asiyejali kabisa nani amemshika, hatazami macho, wala hageuki kwa jina lake akifika mwaka, huyo ndiye tungependa kumwona.

Mwanetu ana miezi kumi na moja, anasimama dede na kushikilia kuta. Nyumba yetu ni ya kale, ina ngazi na birika. Tuanzie wapi?
*Baba wa Mkomani, Lamu*

Anzia birika na ndoo. Mtoto wa umri huu hufa maji kwenye maji ya sentimita tano, kwa sababu kichwa chake ni kizito kuliko miguu, na akiangukia ndani hawezi kujiinua. Birika liwe na mlango unaofungwa kwa komeo la juu, ndoo zimwagwe au zifunikwe kwa kifuniko kigumu. Ngazi ziwekewe kizuizi cha mbao juu na chini, chenye fito za kusimama, si za kulala, asije akapanda. Seredani na chetezo viondoke sakafuni. Chai ya moto isinywewe mtoto akiwa mapajani. Dakika 15 baada ya kumiminwa bado inababua.

Sasa anaokota kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, na kila kiokotwacho huenda kinywani. Fagia mabuyu, kokwa za tende, karanga na betri ndogo za saa. Akipaliwa na hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mara tano kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kikikataa, mgeuze, mbonyeze katikati ya kifua mara tano kwa vidole viwili, urudie. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani.

Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Akiyanywa, usimtapishe na usimpe maziwa ili atapike, maana yakipanda tena ndipo yanapoingia mapafuni. Mvue nguo zilizoloa, mwoshe, mchukue hospitali pamoja na chupa yenyewe, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu kupumua kwa shida huweza kuanza saa kadhaa baadaye.